Bata kwenye mpunga wa Mwea: kaka yangu anasema nimeota

MamaMchele, Umoja

Hamjambo wote. Niseme mapema kwamba mimi si mkulima wa kushinda shambani, ili mtu asinirushie maneno. Kazi yangu ni kuuza mchele hapa Umoja, karibu na soko la Mutindwa, mwaka wa 9 sasa. Nauza pishori ya Mwea peke yake, haijachanganywa na ya ng'ambo, na anayebisha aje apike kikombe kimoja aone kama ploti nzima haitajua kwake kuna wageni.

Sehemu ya mchele huo ni ya kwetu. Marehemu baba alituachia shamba la mpunga huko Mwea, upande wa Tebere, mimi na kaka yangu mkubwa. Yeye ndiye anayekaa huko. Mimi natuma pesa ya kulimisha, ya mbolea na ya vibarua, halafu wakati wa mavuno tunagawana magunia na kugombana kidogo, mambo ya ndugu.

Msimu uliopita tuligombana juu ya konokono. Sizungumzii hawa wadogo wa kwenye sukumawiki. Ni wale wageni wakubwa walioonekana Mwea 2020, wanaotaga mayai ya rangi ya waridi juu ya maji, yamegandamana kwenye shina kama ubuyu. Tulipanda miche Jumatatu. Kufikia Jumamosi kona yote ya chini, pale maji husimama, ilikuwa imekatwa, yamebaki maji matupu. Tukanunua miche tena ya kuziba mapengo. Kisha magugu yakaja kwa fujo kwenye hizo nafasi, tukalipa palizi mara 2. Nilipopiga hesabu Desemba niliona heri ningenunua mchele kwa watu.

Sasa mtoto wa kaka huyo huyo, yuko chuo hapa Nairobi na Jumapili hula kwangu, akanionyesha kwenye simu mkulima wa Japani akifungulia vifaranga wa bata kwenye mpunga. Wanaingia kati ya mistari kama watoto wa shule kengele ikilia. Wanakula magugu, wanakula wadudu, wanakula konokono. Nikampigia kaka nikamwambia tununue bata. Alicheka mpaka simu ikakatika. Halafu akapiga yeye ili aendelee kucheka.

Hoja zake: bata watakula mpunga wenyewe, watakanyaga miche, na hata wakinona hakuna mtu Mwea atakayekula bata. Akaongeza kwamba siku bata wataweza kufukuza kwelea, wale ndege wanaokula mpunga, atakubali siku hiyo hiyo.

Nina bata 9 kwa rafiki yangu Ruai, wale wa kienyeji wenye vinundu vyekundu usoni. Shamba letu ni ekari 1 na robo. Naomba aliyewahi kufanya jambo hili, si aliyesoma tu, aniambie: wanakula mpunga au hawali? Waingie lini, watoke lini? Na hawa 9 wa Ruai wanatosha kuanza?

Odhis_Donholm

Mama, kwa kwelea usihangaike. Hao bata watakaa chini wakiangalia juu kama sisi wa Donholm tunavyoangalia ndege zikishuka Embakasi. Wakinona uwalete huku, sisi bata tunamla na ugali na hatuulizi maswali.

Mwalimu_Mstaafu

Mama Mchele, nimefanya, misimu 3. Shamba langu liko Wamumu ingawa mwenyewe nalala Kahawa West na huenda huko kila Alhamisi na matatu za Embu. Nilifundisha jiografia miaka 31, kwa hiyo nikianza kuzunguka mnivumilie.

Mwambie kaka yako hii haikuanza kwenye simu. Wachina wamechunga bata kwenye mpunga karne nyingi. Kule Guizhou kuna watu wa Dong ambao shamba moja lenye maji linawapa mpunga, samaki na bata kwa pamoja, na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, iliutia mfumo wao kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani mwaka 2011. Hao Wajapani wa video wamemfuata mzee mmoja wa Fukuoka, Takao Furuno. Alikuwa amelima bila dawa miaka 10, amechoka kung'oa magugu kwa mkono, ndipo 1988 akaingiza bata. Bata wake huitwa aigamo, chotara wa bata wa porini na wa nyumbani, wadogo wa mwili na wasiotulia. Kumbuka hilo neno, wasiotulia, nitalirudia nikifika kwa bata wako wa Ruai.

Sasa swali lenyewe. Bata mdogo hali jani la mpunga uliokwisha kushika. Shika jani upitishe kidole ukingoni: linakwaruza, maana lina silika, kitu kile kile cha mchanga na kioo. Bata aliyezungukwa na magugu laini na wadudu wanaoelea, atafune msasa kwa nini? Lakini suke ni habari nyingine. Punje ikianza tu kushika maziwa bata anaijua kabla yako, na siku hiyo ukimwacha ndani kaka yako atakuwa amesema kweli. Kwa hiyo mnabishana bure, wote mko sawa, mmoja kwa Agosti na mwingine kwa Oktoba.

Msimu wangu wa kwanza nilinunua vifaranga 40 weupe, Pekin, kwa mfugaji mmoja Juja. Nikawalea chini ya balbu kwenye stoo, wakawa wazuri, siku ya 9 nikawatia kwenye katoni za mkate nikapanda nao matatu. Kondakta alinilipisha kiti cha pili. Tulifika saa 9 alasiri, nikawafungulia majini, nikasimama kwenye tuta nikifurahi kama mjinga. Mwea mwanzo wa Agosti kuna mawingu na baridi ya kunyemelea. Asubuhi niliwakuta wamerundikana kwenye kona moja ya tuta, 19 wamekufa, na waliokuwa hai ni wale wa juu ya rundo.

Kosa ni kwamba nilidhani bata ni bata. Kifaranga aliyelelewa na mama yake hupata mafuta kutoka manyoya ya mama akilala chini yake, maji yanateleza. Wa balbu hana hayo, analowa kama sweta. Yeye lazima afundishwe: tangu siku ya 4 unamwekea karai la maji ya kufika magotini kwake, dakika chache saa za jua kali, unamtoa akauke, kesho unamwongezea. Akizoea anaanza kujipaka mwenyewe mafuta ya ile tezi iliyo juu ya mkia. Ukiona tone la maji linaviringika mgongoni na kuanguka, huyo amefuzu. Msimu wa pili sikupoteza hata mmoja kwa baridi, ingawa 2 walichukuliwa na mwewe na 1 na kenge.

Tarehe ndizo shamba lenyewe, kwa hiyo ziandike ukutani. Miche ikishapandwa, ngoja siku 10 hadi 14 ishike mizizi. Ukiivuta kidogo isikufuate. Wakati huo vifaranga wawe na wiki 2. Maji yafunike nyayo yako na kubakiza kifundo, sentimita 5 hadi 10. Yakizidi hapo bata anaogelea bila miguu kufika chini, na kazi kubwa anaifanya kwa miguu, si kwa mdomo. Miguu inachafua maji yanakuwa kama chai ya maziwa, mwanga haufiki chini, mbegu za magugu zinabaki zimelala. Inakoroga tope, hewa inaingia kwenye mizizi. Wanasugua mashina wakipita, na mpunga uliosumbuliwa namna hiyo unachipua kwa hasira. Kinyesi kinabaki hapo hapo. Kisha mpunga ukibeba mimba, kabla suke halijachungulia, unawatoa wote. Kwa pishori ni karibu miezi 2 tangu kupanda. Yaani bata ni kibarua wa wiki 7, na mkataba wake hauongezwi hata akulilie.

Magugu karibu yote yalikwisha, isipokuwa lile linalofanana na mpunga hadi linakudanganya. Hilo nalo lina msasa wake, bata hulipita. Palizi yangu ilibaki kutembea mara 1 na kibarua mmoja kung'oa hilo tu.

Mavuno? Msimu wa pili nilipata pungufu, na hapa ndipo watu wa video hawasemi. Niliweka SA, ile mbolea ya naitrojeni, yote kama desturi, na bata nao wakaweka yao. Pishori ni mrefu wa shina na dhaifu wa kiuno. Ulinawiri kijani cha kuonewa wivu, halafu mvua moja ya Novemba ikaulaza wote kifudifudi, na ulioponea ukapigwa na ule ugonjwa wa ukungu unaonyausha shingo ya suke. Naitrojeni nyingi huukaribisha. Msimu wa tatu nilikata SA ya kukuzia nusu, mpunga ukasimama, nikapata magunia 2 zaidi ya kawaida yangu kwa ekari. Ila mwaka huo maji nayo yalikuwa mazuri, bwawa la Thiba lilikuwa limeshafunguliwa, kwa hiyo siwapi bata sifa yote. Sifa yao isiyo na ubishi ni pesa ya palizi na pesa ya dawa ya wadudu, ambazo zilibaki mfukoni mwangu.

Idadi: Wajapani huweka karibu 20 kwa kila mita 1,000 za mraba, ambayo kwetu ni kama 80 kwa ekari. Usianze na 100. Anza na robo ekari na bata 20.

Tebere_Kwetu

Mwalimu ameongea vizuri lakini Wamumu si Tebere. Huku kwetu maji yanatoka shamba hadi shamba. Jirani wa juu akipiga dawa asubuhi, adhuhuri iko kwako. Mimi nilikuwa na bata 12 tu, wa kujaribu. Jirani alipiga dawa ya mabuu bila kusema, jioni nikaokota 7. Nikienda kumwuliza anasema shamba ni lake na dawa ni yake. Ni kweli, lakini maji ni ya nani?

Na kuna ubaya mkubwa kuliko huo. Bunyala watu waliwahi kutia kabofurani, sumu ya wadudu, ndani ya konokono ili kunasa korongo kwenye mashamba ya mpunga, na ndege hao wakauzwa kama nyama. Bata naye anakula konokono. Mama, kabla ya kununua hata yai, ujue maji yako yanapita kwa nani.

Mwalimu_Mstaafu

@Tebere_Kwetu pole sana ndugu yangu, na hilo nililiruka kwa sababu langu liko karibu na mfereji, mimi ndiye wa juu. Nilichoona kwa wengine walio chini ni hiki: unakwenda kwa jirani kabla ya msimu, unakunywa chai yake, mnakubaliana akupigie simu siku moja kabla. Siku hiyo unafunga mlango wa maji na kuwazuia bata bandani siku kadhaa. Ukiona hanywi chai na wewe, usifuge bata hapo.

MamaMchele, Umoja

Mwalimu, nimesoma mara 2, ya pili nikimsomea kaka kwa simu. Pale pa kiti cha pili cha kondakta alicheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa na heshima ndani yake. Alinyamaza pale pa SA. Kumbe mwaka jana mpunga wa kwetu ulilala pia, akaniambia ni upepo.

Sasa konokono hujanijibu. Na wale wangu 9?

Mwalimu_Mstaafu

Konokono ana ujanja wa saa. Anakata miche katika majuma ya mwanzo ikiwa laini, na hayo ndiyo majuma ambayo vifaranga hawajaruhusiwa kuingia. Kwa hiyo vifaranga peke yao watamkuta ameshakula na kushiba. Hapo ndipo bata wako 9 wa Ruai wana kazi.

Hao wa vinundu vyekundu ni wazito, wanapenda kukaa kwenye tuta kuliko kuogelea, na ukiwatia kwenye miche michanga watailaza kweli kweli kama kaka anavyosema. Lakini shamba likiwa halina kitu, baada ya mavuno hadi kule kusawazisha tope kwa mwisho kabla ya kupanda, wafungulie. Huko Ufilipino ndivyo wanavyofanya, bata wakubwa huingia shamba likiwa tupu, wanatolewa kwa kupanda, na wakubwa hao hawarudishwi mpaka mpunga uwe na siku 30 hadi 35. Wanameza konokono wadogo na wa kati mzima mzima, ganda na yote. Wale wakubwa kama limau hawawezi, hao ni wa kuokota kwa mkono jioni wakipanda juu, na yale mayai ya waridi bata hayagusi kwa sababu yana sumu. Ponda mayai kwa kijiti, au yasukume yaanguke majini yaoze. Usiyashike kwa mkono mtupu.

Jambo lingine kuhusu ile kona yenu ya chini. Konokono hukaa pale kwa sababu maji hayatoki. Konokono kwenye tope lisilo na maji hatembei. Siku zile 10 za kwanza shusheni maji yabaki tope tu, chimbeni vijifereji pembeni, wakikusanyika humo mnawazoa. Bata wakija wawakute wachache.

Na hapa nitakuudhi kidogo: kama kaka yako amefundishwa ile njia ya kupanda mche mmoja mmoja na kukausha shamba mara kwa mara, ambayo imefanyiwa kazi Mwea tangu 2009, haiendi na bata kwa msimu huo huo. Bata wanataka maji, njia hiyo inataka ukavu. Jirani yangu alitaka vyote viwili na akaishia na bata wanaotembea kwenye nyufa.

DaktariWaKuku_Ruai

Nimeona Ruai imetajwa nikaamka. Mimi natibu mifugo midogo upande huu.

Chakula cha vifaranga wa kuku kinawafaa kwa wiki za kwanza lakini bata anahitaji niasini, ile vitamini B3, zaidi kuliko kuku. Ikipungua, miguu inapinda na kifaranga anakaa chini akiwa mzima wa macho. Chachu ya kutengenezea pombe, kijiko kwenye mash, inasaidia. Chombo cha maji kiwe na kina cha kuzamisha mdomo wote hadi puani, bata akishindwa kujiosha, pua na macho yanaziba.

Usiwachanganye na kuku. Bata anaweza kubeba kideri bila kuonyesha dalili, kisha kuku wote wa kaka wanaondoka wiki moja. Mafua ya ndege pia: Thailand mwaka 2004 waliona bata wanaozururishwa kwenye mashamba ya mpunga ndio waliokuwa wakisaidia H5N1 kusafiri. Kwa hiyo bata wako wakae kwenye wavu wako, wasihamishwe shamba hadi shamba kwa matembezi, na ukiona bata wengi wa porini wametua, wafunge.

Kuna ugonjwa mmoja wa jua kali: maji yakisimama, yakiwa moto, na kuna mizoga inaoza topeni, bata anakula sumu ya botulizimu. Shingo inalegea kama kamba. Ukiona shingo, toa wote hapo mara moja, wape maji safi, okota mizoga. Konokono waliokufa kwa wingi wanaweza kuleta hayo, kwa hiyo mkiwazoa msiwarundike kwenye tuta.

Na nyinyi wenyewe vaeni gambuti. Mwea ina kichocho, na bata hawakiondoi. Tena bata wana kichocho chao cha ndege, ambacho kwa mtu hakiendi mbali lakini kinawasha miguu usiku kucha.

MziwandaWaMoshi

Mimi ni mtu wa Moshi, nakaa South B kikazi. Kwetu majaruba ya Moshi Chini bata wapo siku zote ila hakuna anayewapangia. Baada ya kuvuna wanaokota punje zilizodondoka. Bibi yangu alikuwa anasema palipopita bata msimu unaofuata mpunga-mwitu unapungua, maana zile mbegu zilizoanguka ndizo zinazoota bila kupandwa. Sikumwamini mpaka nilipoanza kununua mchele mwenyewe mjini na kutoa punje nyekundu kwenye ungo.

Kuku_na_Bata_Burma

Nimekuja kwa lile swali la kaka, nani atakula. Nachinja na kuuza kuku hapa soko la Burma, bata napata oda zikija. Wapo wateja wa kutoka magharibi mwa Kenya, wapo Wakongo, na mikahawa ya Kichina kule Kilimani na Hurlingham. Wachina wanataka mweupe mwenye mafuta, wa vinundu vyekundu hawamtaki kwa kuchoma kwao. Wateja wa nyumbani wanataka huyo huyo wa vinundu, ana nyama na hana mafuta mengi. Kwa hiyo ujue unamlenga nani kabla ya kununua vifaranga.

Sasa niwaambie kitu ambacho mwalimu hajasema, labda yeye hanyonyoi. Bata mweupe ananyonyoka vizuri akiwa na wiki 7. Akifika wiki 9 manyoya mapya yanachomoza chini ya ngozi kama vijiti, unamnyonyoa saa nzima na bado anaonekana hajanyoa ndevu. Hakuna mkahawa utamchukua. Anatulia tena akiwa na wiki 12 au 13. Wewe kwa hesabu ya hapo juu unamtoa shambani ana wiki 9. Uko kwenye wakati mbaya kabisa. Tenga pesa ya chakula cha wiki 3 au 4 zaidi, umnoneshe bandani. Wengi wanakimbilia soko siku ile ile wametoa bata majini, wanapigwa bei ya chini, wanasema bata hana soko.

Mwalimu_Mstaafu

Ni kweli, sinyonyoi. Wangu niliuza hai kwa mtu mmoja Thika, sasa naelewa kwa nini alikuwa akiwapapasa kifuani na kutikisa kichwa.

MamaMchele, Umoja

Nimerudi. Jumapili nilishuka Mwea mwenyewe, kaka akanipeleka hadi kwenye kona ya chini, tukahesabu mashada ya mayai ya waridi kwenye magugu ya mfereji. Tulifika 40 tukaacha kuhesabu. Hakucheka.

Tumekubaliana hivi. Bata 9 wa Ruai wanakwenda mwezi huu, shamba likiwa bado tupu, wakae hadi kusawazisha tope kwa mwisho. Vifaranga 20 weupe tutajaribu kwa robo ekari tu, ile robo ya kona, na SA ya hapo atapunguza, ingawa aliomba nimwandikie kwamba mpunga ukiwa manjano ni mimi. Nimemwandikia. Jirani wa juu ni shemeji wa mchungaji wetu, chai imeshanywewa, na amesema atapiga simu. Hesabu ya yule wa Burma ndiyo imenipa kazi, nimekaa na kalamu: chakula cha wiki 4 za mwisho kinakula karibu theluthi ya ninachotegemea kwa bata. Bado naona afadhali, kwa sababu mimi sikununua bata nile bata. Nataka ile kona.

Kaka ameuliza jambo 1 kwa mwalimu. Wavu uwe wa futi ngapi? Anasema wake wa kuku ni futi 4 na hataki kukata.

Mwalimu_Mstaafu

Juu futi 2 zinatosha, bata weupe hawaruki. Asikate, hizo futi zinazobaki azifukie chini ya tuta, kenge hupita chini. Na avute nyuzi za nailoni juu, hatua moja moja, kwa ajili ya mwewe. Jioni awape mash kidogo bandani huku akigonga sufuria. Sufuria iwe ile ile kila siku. Mimi nilibadilisha mara moja, nikabaki hadi saa 5 usiku nikiwaita kwa tochi.